Mzee wa kambale

Kuna barua iko juu ya friji nyumbani kwetu tangu mwezi wa tatu. Imekunjwa mara tatu, imewekewa kopo la sukari juu feni isije ikaipeperusha. Kwa kifupi inasema kitengo chetu kinahamia Dodoma, mfanyakazi unaombwa uchague, uhame na kazi yako au ubaki Dar ulipwe stahiki zako muagane vizuri, jibu lifike kabla ya tarehe 30 mwezi wa nne. Nimefanya uhasibu pale miaka 11.

Mke wangu aliisoma amesimama, akairudisha kwenye bahasha, akasema "haya baba watoto, tuombe." Alafu akaniangalia lile jicho, waliooa wanalijua. Akaongezea, "ila safari hii tuombe wote wawili."

Hilo neno "safari hii" lina bei yake. Ni shilingi 3,110,000, na ngoja niwasimulie zilivyoondoka.

Mwishoni mwa 2018 niliingia kwenye kilimo cha matikiti. Yani kile kilimo cha kwenye simu, wengi mnakijua na wengine najua bado mnauguza vidonda. Mtu alituma mchanganuo kwenye grupu la WhatsApp: ekari moja, nafasi mita mbili kwa mita moja, unapata mashina kama 2,000, kila shina matunda mawili (na hapo eti umekuwa mvivu), tikiti 4,000, piga mara 1,500 bei ya shambani, milioni sita ndani ya siku 80. Sasa mimi ni mhasibu, mchanganuo kama ule ukinifikia lazima niuingize kwenye Excel, nikaandika ekari mbili, ikasoma milioni 12. Nikaweka na mstari wa tahadhari, asilimia 10 ya hasara, nikajiona mtu makini kweli kweli. Na mpango ulikuwa na akili, usicheke, 2019 Ramadhani ilikuwa inaanza mwanzoni mwa mwezi wa tano, na kila mtu wa pwani anajua mwezi wa mfungo tikiti linavyotafutwa, kwa hiyo nikapiga hesabu nipande katikati ya mwezi wa pili ili mzigo utoke watu wakianza kufunga. Kumbe grupu zima lilikuwa limepiga hesabu hiyo hiyo.

Lakini mimi ni mtu wa Mungu bwana, siwezi kuingiza hela kwenye kitu bila kuuliza. Nimelelewa Anglikana, chuoni nikaokoka nikahamia kwa walokole, na kule nikajifunza kuweka ngozi. Wasiojua, hii inatoka Waamuzi sura ya 6, Gideoni anamwambia Mungu naweka ngozi ya kondoo uwanjani, asubuhi ikilowa umande yenyewe na ardhi ikabaki kavu nitajua kweli, ikawa hivyo, kesho yake akageuza, ngozi iwe kavu ardhi ilowe, ikawa tena. Basi na mimi nikaweka yangu. Nikaomba hivi, Baba kama huu mradi ni mapenzi yako, mwenye shamba ashushe kodi kutoka laki na nusu kwa ekari mpaka laki moja. Nikampigia simu saa mbili usiku. Alikubali kabla sijamaliza sentensi!

Nililia machozi. Nawaambia ukweli, nilipiga magoti pale sebuleni nikalia.

Jumapili iliyofuata mhubiri akasimama na Mwanzo 26:12, Isaka akapanda katika nchi ile akavuna mwaka ule ule mara mia. Kanisa zima likaitika amina, mimi nilikuwa naitikia kama naitwa jina. Na moyoni nilikuwa na amani, amani ya ajabu, nalala kama mtoto. Ishara tatu: ngozi, neno, amani. Mke wangu aliuliza kitu kimoja tu, "umeongea na mtu yeyote aliyewahi kulima pale?" Nikamjibu, na hili jibu bado linaniuma mpaka leo, "Mungu ameshasema na mimi." Sasa hapo mke ajibu nini? Ukishamtaja Mungu kwenye mazungumzo umemfunga mwenzio mdomo na kamba ambayo hawezi kuifungua bila kuonekana anapingana na Mbinguni.

Shamba lenyewe lilikuwa Ruvu, karibu na mto. Nilienda na dalali kwa bodaboda, udongo mweusi mzuri unang'aa, ukiukanyaga unazama kidogo. Chini ya mwembe alikuwepo mzee mmoja anashona wavu. Nikamsalimia shikamoo mzee, akaitika marahaba, akauliza tunataka kulima nini. Matikiti. Mnapanda lini? Mwezi wa pili mzee, tunavuna wa tano mwanzoni. Akavuta uzi, akaukata kwa meno, akasema taratibu bila hata kuniangalia, "mwezi wa nne hapa mwanangu, sisi huwa tunavua kambale."

Dalali akacheka. "Huyu mzee ana masihara sana." Na mimi nikacheka. Njiani nikiwa nyuma ya boda nikakemea kimoyomoyo roho ya kukatisha tamaa.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa raha. Picha za miche kila siku kwenye status, watu wanaandika "Mungu ni mwema", nami nawajibu "wakati wote". Nilikuwa nimechukua mkopo SACCOS na hela ya kikoba ya mke wangu (ndiyo, na hiyo), nikakodi pampu ya petroli, mbegu za chotara kopo moja bei yake unapumua kwanza ndo unalipa. Mwezi wa nne mwanzoni inzi wa matunda wakaingia, tikiti kwa nje zima, ukilipasua ndani funza. Tukapiga dawa. Nikaongeza na maombi ya kufunga siku tatu. Alafu alfajiri moja saa 11 simu ikalia, kijana wa shamba, sauti ya chini kabisa kama mtu aliyeko msibani, "bosi, matikiti yanaelea."

Sikumwelewa. Nikauliza yanafanyaje? Akarudia. Na kule Ruvu haikuwa imenyesha hata tone wiki ile, mbingu nyeupe, nilikuwa nimeshamshukuru Mungu kwa kuzuia mvua. Mvua ilikuwa imenyesha milima ya Uluguru huko Morogoro ambako mto unaanzia, maji yakashuka usiku kimya kimya yakapanda shambani. Nilifika saa tatu nikayaona kwa macho, matikiti yangu yanazunguka taratibu juu ya maji kama vichwa vya watu wanaoogelea, mengine yameshika njia ya baharini. Pampu ya watu iko chini. Tuliyookoa tukapeleka sokoni, kule nako malori yamejipanga maana wote tulilenga Ramadhani, bei ikaanguka mpaka mia sita kwa tunda. Niliweka 3,850,000, nikatoa 740,000. Nilipiga hesabu ya hasara kwenye Excel ile ile, nikalihifadhi faili kwa jina "Gideoni". Bado lipo.

Nilimnunia Mungu kama miezi sita. Kanisani nilikuwa naenda, naimba, lakini namuimbia kama unavyomsalimia jirani aliyekudhulumu kiwanja, kwa heshima ya watu waliopo. Maana swali langu lilikuwa halali jamani, niliuliza! Sikwenda kichwa kichwa. Niliuliza na nikajibiwa mara tatu. Sasa kama hayo hayakuwa majibu, majibu yanafananaje?

Kilichonigeuza kilikuwa kitabu cha Yona, na nilikisoma kwa bahati tu, mtoto alipewa kazi ya Sunday school achore samaki, nikawa namsomea. Sura ya kwanza mstari wa tatu. Mungu kamwambia nenda Ninawi, jamaa anakimbilia Tarshishi. Anashuka Yafa, anakuta merikebu, tena inayokwenda huko huko anakotaka, na nauli anayo mfukoni. Nikasimama hapo hapo. Nikamwambia mtoto subiri kwanza. Yani mtu anamkimbia Mungu na kila mlango unafunguka! Merikebu ipo, nafasi ipo, nauli ipo. Yona angekuwa kwenye kikundi chetu cha maombi angetoa ushuhuda Jumatano na tungempigia makofi. Alafu mstari wa tano tufani inapiga, mabaharia wanatupa mizigo baharini kila mtu analia kwa mungu wake, yeye yuko chini kabisa ya merikebu amelala usingizi mzito. Amani hiyo. Amani tele, katikati ya uasi.

Upande wa pili ukimuangalia Yesu Gethsemane, yeye yuko katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, hakuna mtu aliyewahi kuwa katikati kuliko pale, na Luka anasema jasho lake lilikuwa kama matone ya damu. Hana usingizi, hana amani ya aina ile tunayoitafuta sisi. Wanaolala pale ni wanafunzi.

Basi nikaanza kuviangalia vipimo vyangu vyote upya, kama mkaguzi wa hesabu aliyegundua risiti moja ya kufoji, anarudi kukagua faili zima. Ngozi je? Nikarudi Waamuzi 6 kusoma kuanzia juu, siyo kurukia umande. Gideoni alikuwa ameshaambiwa cha kufanya, mstari wa 14, nenda ukaiokoe Israeli, na anakiri mwenyewe kwenye maombi yake "kama ulivyosema". Ngozi haikuwa ya kujua mapenzi ya Mungu, ilikuwa ya woga wake, na Mungu akamvumilia tu kama mzazi anavyomshika mtoto mkono gizani. Mimi niliibeba nikaifanya kipimo cha kukodi shamba. Na huyo mwenye shamba, angekataaje kushusha bei? Shamba linajaa maji kila masika, akitokea mjinga wa mjini anataka kulikodi mwezi wa pili hata kwa elfu hamsini angemkaribisha na chai.

Kilichonitesa zaidi ni yule mzee. Miaka yote nilikuwa namkumbuka kama sehemu ya vita niliyopigana kwa imani. Kumbe katika watu wote waliozungumza nami kuhusu lile shamba, mhubiri, dalali, mwenye shamba, mtu wa WhatsApp, ni yeye peke yake aliyekuwa hana faida ya kuniambia ndiyo. Niliomba Mungu aseme, akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti, mita mbili kutoka nilipokuwa nimesimama. Mimi nilikuwa nasubiri umande.

Kuna kisa cha Yeremia kinanikaa hapo hapo. Watu tunaupenda mstari wa 29:11, nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, ni mawazo ya amani, uko kwenye kalenda, uko kwenye vioo vya daladala, mimi niliuandika kwenye jalada la daftari la matikiti. Mstari wa kumi uliotangulia hauandikwi popote, ule unaosema mtakaa Babeli miaka 70. Na sura iliyotangulia kuna nabii anaitwa Hanania, amesimama hekaluni mbele ya watu wote anatangaza ndani ya miaka miwili mizima kila kitu kinarudi. Miwili kwa 70. Mimi najijua, ningekaa upande wa Hanania, ningemtolea na sadaka. Ukiisoma barua yote ya Yeremia kwa wale mateka unakuta hakuna ishara za siri, kuna jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani huo mji mnaokaa. Kazi za kawaida kabisa. Watu wanalia wanataka kujua kesho, wanaambiwa wapande mchicha. (Mchicha nimeongeza mimi.)

Kuna na hili la "Mungu kaniambia", siwezi kulipita. Wanakwaya wa kike mnanielewa, ndugu anakuja baada ya mazoezi anasema nimeoneshwa wewe ni mke wangu, na dada mmoja tunayemfahamu alioneshwa na ndugu watatu mwaka mmoja, akawauliza kwa upole kwani huko mnakooneshwa hampangi foleni? Tunacheka, lakini mimi nilimfanyia mke wangu kitu hicho hicho kwa hela ya kikoba. Siku hizi naipenda Matendo 16. Paulo na wenzake wanataka kuhubiri Asia, wanazuiwa. Wanajaribu Bithinia, hawaruhusiwi. Wanafika Troa, Paulo anaota usiku mtu wa Makedonia anasema vuka utusaidie. Ndoto kaota mmoja, lakini mwandishi anasema sisi ndo tuliona hakika kwamba Mungu ametuita. Sisi. Paulo, mtume kabisa, asubuhi aliiweka ndoto yake mezani wenzake waiangalie. Na kabla ya hapo walikosea njia mara mbili wakiwa na Roho Mtakatifu, nani angetegemea? Mimi hiyo inanipa pumzi sana, kwamba unaweza kuwa unatembea na Mungu na bado ukagonga mlango siyo.

Mama jirani yetu ni Muislamu, uani kwake na kwangu tunatenganishwa na michongoma tu, na siku moja tukiwa tunaongelea mambo ya mwanae kuchumbiwa akanieleza istikhara, ile sala yao ya kumuomba Mungu mwongozo wa jambo. Mimi miaka yote nilijua unasali unalala unaota jibu. Akanicheka. Akasema hapana mwalimu (ananiita mwalimu sijui kwa nini), unaswali rakaa mbili za sunna, unaomba dua yake, alafu unaendelea na jambo lako, unashauriana na watu, kuota siyo sharti. Akanielezea na maana ya ile dua, kwamba kama jambo hili lina heri kwangu katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wangu basi nikadirie na ulifanye jepesi, na kama ni shari liepushe na mimi, na mimi niepushe nalo. Hapo mwisho nikamwomba arudie. Na mimi niepushe nalo. Mimi nilikuwa najua kuomba kitu kiondolewe, sikuwahi kuomba nami niondolewe kwenye kitu, maana moyo ukishaning'inia pale hata Mungu akiliondoa shamba utalitafuta lingine la kufanana. Sisemi dini zetu ni moja, yeye mwenyewe angenikatalia. Ila ile sentensi nimeichukua, na nilimwambia nimeichukua.

Sasa turudi kwenye friji.

Jioni ile ya barua mke wangu alitoa kaunta buku akachana karatasi mbili. Akasema kabla hatujaomba kila mtu aandike anachotaka yeye, ukweli, alafu akunje. Mimi nikaona ni mambo ya semina. Nikaandika. Tukafungua. Yangu ilisema "Dodoma, naogopa kuanza kutafuta kazi na umri huu." Ya kwake ilisema "Dar. Wateja wangu. Na sitaki kumhamisha mama." Yeye ni fundi cherehani, ana fremu, wateja amewajenga miaka tisa, mtu anampigia simu tu nishonee kama kile cha harusi ya dada anajua vipimo kichwani. Tukakaa tunaziangalia zile karatasi. Kila mmoja alikuja kwenye maombi na muhuri wake mfukoni, anataka Mungu aweke sahihi tu. Angalau sasa mihuri iko juu ya meza.

Tukaomba wiki mbili, dakika kumi kila usiku baada ya watoto kulala, siwadanganyi kwamba tulikesha. Usiku mwingine mmoja alisinzia. Hakuna aliyeota. Mchana tulikuwa tunauliza. Niliwapigia wenzangu watatu walioshahamia tangu serikali ilipoanza kuhamia kule, nikauliza kodi ya nyumba, maji yanatoka mara ngapi kwa wiki, shule, mmoja akaniambia mazuri tu mpaka nikamshuku, mmoja akalalamika vumbi nusu saa. Tuliandika hesabu, hata Yesu anasema mtu akitaka kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama, na safari hii mstari wa tahadhari haukuwa asilimia 10. Boma letu la Chanika limeishia kwenye linta, tukihama litaota nyasi tena miaka mingine. Tukaliandika na hilo.

Kilichobaki ni mama yangu. Ana miaka 71, ana presha, anaishi na sisi, kliniki yake iko hapa, marafiki zake wa jumuiya wako hapa. Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba mama hatakubali na tulikuwa tunamwombea Mungu amlainishe moyo, siku kumi na nne tunamwombea. Siku ya 15 mke wangu akasema, hivi tumeshamuuliza?

Tukamkuta uani anachambua mchele. Nikaanza kwa mbali, mama kuna mambo ya kazini, akanikatisha, "si Dodoma? Naisikia kila usiku mnavyoomba, ukuta wenyewe huu." Nikaishiwa maneno. Mama ni Mgogo wa Mpwapwa, mkoa huo huo wa Dodoma. Akaweka ungo chini. "Mwaka wa 40 huu niko Dar nakula samaki. Nataka mlenda, ule wa kwetu, siyo huu wenu wa kununua kwenye mifuko. Na kaburi la mama yangu sijalipalilia tangu huyu (akaonesha mwanangu mkubwa) hajazaliwa. Nyie mnaniuliza leo?"

Wiki mbili tulikuwa tunamsumbua Mungu na swali ambalo jibu lake lilikuwa limekaa uani linachambua mchele.

Sitaki mdhani hapo ndo mbingu zilifunguka. Mke wangu bado ana huzuni na fremu yake, na sina cha kumwambia. Nilijaribu kusema Mungu atakupa wateja wengine Dodoma, akaniambia "usiniletee Hanania," nikanyamaza. Yeye ndiye aliyesema mwishoni twende, ila akaliweka wazi, "nakubali, lakini siyo kwa sababu nimesikia sauti, nakubali kwa sababu tumeangalia pande zote na sijaona sehemu tunayomkosea Mungu wala mama. Bwana akipenda. Na asipopenda atatuzuia kama alivyowazuia kina Paulo." Nikamuuliza kama ana amani. Akasema hana, ana mawazo, na kama nikimuuliza tena amani atanipiga na kipande cha kitenge.

Wiki ya Pasaka tukapanda SGR kwenda kuangalia nyumba, 31,000 kwa kichwa, watoto tukawaacha na bibi yao. Mimi nikakaa dirishani. Treni ikishatoka Soga nikaanza kuangalia nje sana, mke wangu akajua, akaacha kuchati. Inakimbia ile treni, Ruvu huipati kwa nafasi, lakini niliona. Bonde lote maji, yanang'aa, miembe imesimama humo mpaka kiunoni, na kijana mmoja kwenye mtumbwi ameinama.

"Kambale," mke wangu akasema.

Alicheka mpaka Ngerengere.

Dodoma dalali alitupokea na gari ya kukodi, kijana mchangamfu, nyumba ya kwanza nzuri ajabu, vyumba vitatu, malumalu, rangi mbichi, na bei iko chini ya bajeti yetu kwa elfu hamsini. Hata sijaomba punguzo. Dalali anasema ni bahati yenu, mwenye nyumba anataka mtu wa kanisani. Mke wangu akaniangalia. Nikawaacha wanaongelea luku, nikatoka nje, kwenye kona kulikuwa na bibi anauza karanga na ubuyu kwenye beseni. Nikachuchumaa. "Shikamoo bibi. Samahani, hapa mwezi wa kwanza mvua ikikolea, maji yanapita wapi?"

Bibi akamtazama dalali kule mlangoni, akanitazama mimi, akanyoosha kidole kwenye ukuta wa ile nyumba, upande wa korongo ambao sisi hatukupitishwa. Rangi mbichi ilikuwa imepigwa mara mbili mpaka usawa wa goti, lakini alama ya tope ilikuwa inaonekana kwa chini yake, mstari mrefu ulionyooka.

Nikanunua karanga za elfu mbili, tukaenda kuangalia nyumba nyingine.